Kutoka Randa hadi Kompyuta: Historia ya Vifaa katika Mafunzo ya Useremala Wilayani Rungwe, kwa Mtazamo wa Igogwe

IKISIRI

Makala hii inachunguza namna vifaa vipya vilivyoingia katika mafunzo ya useremala wilayani Rungwe tangu mwaka 1891, kwa nia ya kuielewa hatua inayojadiliwa sasa, yaani kuingiza mashine zinazoongozwa na kompyuta katika karakana za vyuo vya ufundi stadi. Mbinu iliyotumika ni uchambuzi wa maandiko ya kihistoria pamoja na ulinganishi wa historia ya mashine zenyewe. Inadaiwa hapa kwamba kifaa kigeni kilidumu pale kilipopata mtu wa kukitengeneza na mtihani wa kukipima, na kilikufa pale kilipobaki mali ya aliyekileta. Bei yake haikuwa na uzito uliodhaniwa.

1.0 Utangulizi

Igogwe, katika wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, hufahamika zaidi kwa hospitali yake ya Kanisa Katoliki kuliko kwa useremala. Hata hivyo, hakuna hospitali, shule wala kanisa lililosimama katika nyanda hizi bila mkono wa seremala: kenchi za paa, milango, madirisha, mabenchi ya kusubiria wagonjwa, na hatimaye majeneza. Kwa sababu hiyo Igogwe imechaguliwa kuwa mahali pa kutazamia. Si Dar es Salaam, ambako mtaa wa Keko una sifa ya samani tangu zamani, wala si Jiji la Mbeya lenye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Ni mahali ambapo kijana aliyehitimu ufundi hurudi na cheti chake, kisha hutafuta mbao, umeme na mteja, kwa mpangilio huo au kinyume chake.

Mijadala mingi kuhusu teknolojia za kidijiti katika elimu ya ufundi huanza na mashine na kuishia na mashine. Huulizwa ni mashine ipi inunuliwe, kwa fedha za nani, na itafikishwaje. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba swali hilo limeulizwa Rungwe mara kadhaa ndani ya miaka mia moja na thelathini, na kwamba majibu yake ya awali yana manufaa kwa mtu anayetaka kuuliza upya.

2.0 Rika na mianzi

Kabla ya misheni, Wanyakyusa walikuwa na namna yao ya kumfundisha kijana kujenga. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika, anaeleza jinsi wavulana walivyotoka katika nyumba za wazazi wao na kuanzisha makazi yao pamoja na wenzao wa umri mmoja. Kijiji hicho kilijengwa na wao wenyewe. Mianzi, inayostawi vizuri katika mvua na udongo wa volkano wa Rungwe, ndiyo iliyokuwa malighafi kuu, na unadhifu wa nyumba za Wanyakyusa uliwavutia wageni mapema: msafiri Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1879, aliusifu kwa maneno mengi kuliko alivyozoea.

Jambo hili lina maana kwa historia ya ufundi kuliko linavyopewa uzito. Mafunzo yalikuwa ya rika kwa rika. Aliyekosea kufunga ufito alirekebishwa na mwenzake siku hiyohiyo, kwa kuwa wote wangelala ndani ya nyumba ileile. Hapakuwa na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa, wala daraja la tatu, la pili na la kwanza. Ilikuwapo kazi iliyoonekana na matokeo yaliyovuja au kutovuja wakati wa masika, na Rungwe mtihani huo wa mvua haukuwa na huruma: eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini.

3.0 Benchi la misheni

Mwaka 1891 wamisionari wa Kanisa la Moravian walianzisha kituo cha Rungwe chini ya uongozi wa Theodor Meyer, na mwaka huohuo wenzao wa misheni ya Berlin wakaanza kazi upande wa ziwa Nyasa na Manow. Wamoravian walikuja na desturi ndefu ya kuutazama ufundi kama sehemu ya utume. Wamisionari wao wawili wa kwanza kabisa, waliotumwa kisiwa cha St. Thomas katika Karibi mwaka 1732, walikuwa mfinyanzi, Leonhard Dober, na seremala, David Nitschmann. Kwa hiyo benchi la useremala lilikuja Rungwe kama kitu cha kawaida cha misheni, sawa na kengele na kitabu cha nyimbo.

Vifaa vilivyoletwa vilikuwa vichache: msumeno wa watu wawili wa kupasulia magogo, mmoja akisimama juu ya gogo na mwingine chini, randa, patasi, keekee ya mkono, guni, jiliwa. Ujenzi wa matofali na mbao zilizopasuliwa ulidai pembe za mraba na vipimo vinavyolingana, mambo ambayo nyumba ya mianzi haikuyahitaji kwa kiwango hicho. Mabadiliko makubwa yalikuwa hapo, katika namna ya kupima. Ufito hupindwa ukafuata ukuta, lakini fremu ya dirisha hailegezi msimamo. Kusini zaidi, Waskoti wa Livingstonia walikwenda mbali kuliko Wamoravian: Taasisi ya Overtoun, iliyoanzishwa na Robert Laws mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Malawi, ilifundisha useremala, ujenzi na uchapaji kama masomo kamili, na sifa yake ilijulikana pande zote mbili za mto Songwe.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliupima mfumo huu bila kukusudia. Waingereza walipoitwaa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, mwaka 1916, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na kwa muda vituo vyao vikaangaliwa kwa msaada wa Waskoti hao wa Livingstonia hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katika miaka ya 1920. Marcia Wright (1971) ameieleza historia hiyo kwa upande wa kanisa na siasa. Kwa upande wa karakana, somo ni fupi. Randa na msumeno havikuwa na kipuri ambacho kingelazimu kuagizwa Ulaya. Chuma chake hunolewa kwa jiwe. Mpini wake huchongwa kwa mti wa palepale. Na ufuaji wa chuma haukuwa mgeni katika ukanda huu, kwani Wanyakyusa walikuwa wakipata majembe yao kwa Wakinga wa milima ya Livingstone muda mrefu kabla ya mmisionari wa kwanza. Aliyekileta kifaa aliweza kuondoka, na kifaa kikaendelea kufanya kazi.

4.0 Cheti na mashine za umeme

Serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliingia katika elimu ya ufundi kwa kusitasita. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu inayoendana na mazingira ya Mwafrika, na kilimo pamoja na kazi za mikono vikapewa nafasi kubwa katika mapendekezo hayo. Wazazi wengi waliyasoma mapendekezo hayo kwa jicho lingine: mtoto wa mzungu hufundishwa kuandika, wa kwao hufundishwa kupiga randa. Philip Foster, akiandika mwaka 1965 kwa kutumia mfano wa Ghana, alionesha kwamba wazazi hao hawakuwa na ujinga wowote. Shule ya maandishi ilikuwa ndiyo elimu ya kazi, kwa maana ndiyo iliyofungua mlango wa mshahara. Mtu anayetaka kuingiza kompyuta katika karakana ya useremala leo kwa matumaini kwamba vijana watavutiwa na ufundi, angefanya vizuri kumsoma Foster kwanza.

Shule za ufundi za serikali zilikuja baada ya Vita vya Pili. Ile ya Ifunda, mkoani Iringa, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi Wapolandi, na ile ya Moshi ikafuata. Katika miaka ya 1960 zote mbili ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi. Kijana wa Rungwe aliyetaka useremala wa cheti alilazimika kusafiri mbali, au kubaki na fundi wa mtaani ambaye naye alifundishwa na fundi wa misheni. Njia hii ya pili ndiyo iliyowachukua wengi, na ndiyo isiyoonekana katika takwimu za serikali. Kenneth King (1977) aliionesha kwa upande wa Kenya.

Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hatua ziliharakishwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Sheria ya mafunzo ya ufundi ilipitishwa mwaka 1974. Mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa mfano uliotazamwa Sweden, na wilaya ya Rungwe ikapata chake pale Katumba. Hapa ndipo mashine za umeme zilipoanza kuingia kwa wingi katika karakana za mafunzo nchini: msumeno wa meza, mashine ya kuranda, kerezo. Nyingi zilitoka kwa nchi wahisani, kila nchi na aina yake.

Yaliyofuata yanajulikana kwa mtu yeyote aliyewahi kuingia katika karakana kongwe ya chuo cha umma. Uhaba wa fedha za kigeni katika miaka ya 1980 ulizifanya mashine zile zikose mikanda, beringi na visu. Zilifunikwa turubai. Wanafunzi wakaendelea kufundishwa kwa randa la mkono pembeni mwa mashine ya kuranda isiyozunguka, na wakahitimu wakiwa mafundi wazuri wa mkono. Mwandishi hakubaliani na wanaokiita kipindi hiki cha kushindwa kwa mafunzo. Lililoshindwa ni ugavi wa vipuri. Mafunzo yenyewe yalirudi kwenye kifaa ambacho mahali hapo palikuwa na uwezo wa kukitunza.

Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na kuweka tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri. Mitaala ya umahiri ikachukua nafasi ya ile iliyopanga masomo kwa saa, na madaraja ya majaribio ya ufundi yakabadilishwa kuwa viwango vya tuzo. Katika mfumo wowote wa aina hii, kile kisichopimwa hakifundishwi kwa dhati. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini na benchi kumi hatatumia juma zima kueleza mashine ambayo haitakuwapo katika chumba cha mtihani.

5.0 Mashine iliyoandikwa

Mashine inayoongozwa kwa namba ilizaliwa katika viwanda vya ndege. John T. Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta huko Michigan, alipata wazo la kuongoza mashine ya kukatia kwa namba zilizotobolewa kwenye kadi. Chuo cha MIT kikalifanyia kazi wazo hilo kwa fedha za jeshi la anga la Marekani na kuionesha mashine hiyo hadharani mwaka 1952. Kanuni yake haijabadilika. Mchoro hugeuzwa kuwa orodha ya amri. Kila amri hutaja mahali na mwendo. Mota husogeza kisu hadi hapo.

Kwa mtu wa elimu ya ufundi, sehemu yenye uzito zaidi katika historia hiyo ni ile iliyochunguzwa na David Noble mwaka 1984. Palikuwa na njia nyingine. Katika njia hiyo fundi stadi alitengeneza kipande cha kwanza kwa mkono, mashine ikarekodi mienendo yake, kisha ikairudia. Ujuzi ulibaki kwa fundi. Noble anadai kwamba njia ya namba ilishinda kwa sababu zilizozidi ubora wa kiufundi: wenye viwanda na jeshi walitaka maamuzi yatoke ofisini, yasitoke karakanani. Mtu anaweza kubishana na Noble kuhusu uzito wa kila sababu, lakini hawezi tena kusema kwamba mashine hii haina upande.

Kushuka kwa bei kulikuja baadaye. Mwaka 1996 Ted Hall wa Carolina Kaskazini alianza kuuza ShopBot, mashine ya kukata mbao kwa karakana ndogo. Miaka michache baadaye Neil Gershenfeld wa MIT alianzisha karakana za kidijiti zilizo wazi kwa jamii, na mojawapo ya zile za mwanzo ilifunguliwa mwaka 2004 katika taasisi ya ufundi ya Takoradi, Ghana. Yaani katika Afrika, na ndani ya chuo cha ufundi, tangu mwanzo. Mwaka 2009 ilitolewa programu huria ya grbl, ambayo huiwezesha kompyuta ndogo ya bei nafuu kuongoza mota za mashine ya aina hii. Tangu hapo mtu mwenye reli, mota na subira anaweza kujiundia mashine. Katika ukanda wetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata karakana ya namna hiyo, Dar es Salaam ikapata Buni chini ya COSTECH, na Arusha ikapata Twende.

Soko halikusubiri vyuo. Milango na vichwa vya vitanda vyenye nakshi zilizochongwa kwa mashine za CNC sasa huuzwa Dar es Salaam, na nakshi hizo zina sura moja kwa sababu mafaili yake hununuliwa au kunakiliwa kutoka mtandaoni. Nchi iliyotoa milango ya Zanzibar inanunua maua ya mlango yaliyochorwa kwingine. Kwa seremala wa Igogwe madhara yake ni ya moja kwa moja: kazi ya nakshi, ambayo ndiyo iliyomlipa fundi mzuri zaidi ya fundi wa kawaida, inahama kutoka kwenye patasi yake kwenda kwenye faili ambalo si lake.

6.0 Ubao mbichi

Rungwe ina mbao. Shamba la miti la serikali la Kiwira lina misindano, ambayo mafundi wengi huiita paina, na wakulima wengi wamepanda mikaratusi na misindano kando ya chai na migomba. Tatizo ni maji. Mti hukatwa, hupasuliwa, huuzwa na kutumika kabla haujakauka, katika wilaya ambayo hewa yake yenyewe ina unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ubao mbichi wa upana wa milimita 200 unaweza kupungua kwa milimita tano hivi unapokauka. Mashine ya kidijiti hukata kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita. Usahihi huo wote hupotea ndani ya miezi mitatu iwapo ubao uliingia mezani ukiwa na maji ya msituni. Seremala wa zamani alilijua jambo hili, akaacha nafasi ya ubao kucheza ndani ya fremu ya mlango. Faili la kompyuta halilijui mpaka aambiwe anayelichora.

Kwa hiyo, kwa maoni ya mwandishi, kifaa cha kwanza cha kidijiti kinachostahili kununuliwa na chuo chochote cha useremala Rungwe ni kipima unyevu wa mbao, kinachoshikika kwa mkono mmoja na kutumia betri. Cha pili ni banda la kukaushia, ambalo si la kidijiti hata kidogo. Mashine ya kukatia ifuate baada ya hapo. Mpangilio huu hauvutii wafadhili, kwa sababu banda la kukaushia halipendezi katika picha ya uzinduzi.

Suala la umeme limekuzwa kupita kiasi. Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, umefikisha nyaya katika vijiji vingi, ingawa kwa kawaida ni umeme wa fezi moja. Mashine nyingi za zamani za kuranda na kupasua zilidai fezi tatu. Mashine ndogo ya CNC, yenye mota ya kukatia ya kilowati mbili hivi, hutosheka na fezi moja. Katika hili teknolojia mpya inaihurumia Igogwe kuliko ile ya miaka ya 1970. Ugumu uko katika kukatika kwa umeme katikati ya kazi: mashine ya bei nafuu hupoteza kumbukumbu ya mahali ilipofikia, na ubao hugeuka kuni. Randa halisahau lilipofika.

Kuhusu kazi gani ingefanywa, historia ya karibuni ina mfano. Mwaka 2016 serikali iliagiza upungufu wa madawati katika shule ukomeshwe kufikia mwisho wa Juni. Karakana za nchi nzima, zikiwamo za wafungwa na za mitaani, zilitengeneza dawati lilelile kwa maelfu. Hiyo ndiyo kazi ambayo mashine huifanya vizuri: vipande vinavyofanana, matundu mahali palepale. Chuo kinachoweza kutoa vipande hivyo na kuwaachia mafundi wa jirani waunganishe kingewaongezea mafundi hao kazi. Chuo kinachouza dawati lililokamilika kwa bei ya ruzuku kingewanyang'anya. Mashine ni ileile. Tofauti iko katika uamuzi wa mkuu wa chuo, na uamuzi huo haumo katika mtaala wowote.

Ukarabati nao una jibu la karibu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, kiko mwendo wa kilomita zipatazo 70 kutoka Tukuyu. Mashine iliyoundwa hapo kwa programu huria na mota zinazopatikana madukani inaweza kufunguliwa na kufungwa na wale walioiunda. Mashine ya msaada iliyofungiwa kwa nywila ya kampuni itafuata njia ya zile zilizofunikwa turubai.

7.0 Maneno na mtihani

Karakana ya useremala ya Kiswahili ni kumbukumbu ya waliopita. Randa ni neno la Kiajemi, meza ni la Kireno, skrubu ni la Kiingereza, na shule inayoyafundisha yote hayo ni neno la Kijerumani. Maneno hayo hayakuundwa na kamati. Yaliingia pamoja na vifaa na yakabaki kwa sababu vifaa vilitumika. Programu za usanifu, kinyume chake, huja na menyu ya Kiingereza kwa kijana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne, na mwalimu hulazimika kufasiri wakati uleule anapofundisha. Matokeo yake ni kukariri vitufe: bonyeza hapa, kisha pale. Mwanafunzi aliyejifunza hivyo hukwama toleo jipya la programu linapotoka na kitufe kikahama.

Hata hivyo, dhana nyingi zina majina tayari. Mihimili mitatu ya mashine, inayoandikwa kwa herufi X, Y na Z, ni urefu, upana na kina ambavyo seremala huvipima kila siku. Njia ya kisu ni njia ya kisu. Unene wa kisu ambao lazima utolewe katika kipimo ni upotevu uleule wa msumeno anaouhesabu mpasuaji wa mbao. Mwalimu akianzia hapo, mashine huonekana kama msumeno wenye tabia mpya, na mwanafunzi hupata la kuuliza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeanzisha mkondo wa amali katika sekondari. Wanafunzi walioanza kidato cha kwanza katika mkondo huo mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza kidato cha nne mwaka 2027. Baadhi yao watarudi katika vijiji vya Rungwe, na mtihani watakaoufanya utakuwa umeamua mapema kama kuchora faili, kupima unyevu wa ubao na kufungua mota iliyokwama ni sehemu ya useremala, au ni mambo ya kuongeza iwapo muda utabaki.